Kikombe cha Shahidi

Wagonjwa walikuwa wakimjia Mama Dokta kwa makosa. Maabara yetu ilikuwa nyuma ya depo ya zamani ya kahawa, hapa Butembo, na mtu akishasikia tu kwamba kuna dokta mwanamke aliyesomea Ulaya, alikuja na mtoto mwenye homa mgongoni, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake katikati ya magunia. Mama Dokta hakumfukuza mtu. Alitoka na koti lake jeupe alilolivaa juu ya kikwembe, yaani kitenge, akaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, kisha akasema, "Mama, miye niko dokta ya mapapai. Peleka huyu mutoto kwa hôpital, sasa hivi." Halafu aliniagiza niwasindikize. Nami niliwasindikiza huku nikinung'unika njia nzima, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi niliyokuwa nimeiacha mezani haikungoja.

Dokta wa mapapai alikuwa kweli. Watu wa Beni na vijiji vyake wanakata papai bichi likiwa bado mtini, wanakinga utomvu wake mweupe, wanaukausha, na unga unaopatikana ndio tunauita papaini. Nchi za mbali wanautaka kwa dawa na kwa viwanda vya chakula, kwa sababu una nguvu moja ya ajabu: unakata nyama na maziwa vipande vidogo vidogo ambavyo jicho halioni. Nguvu hiyo ikiwa hai, unga ni mali. Ikifa, una unga tu, haufai hata kwa uji. Kujua kama iko hai ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Dokta, na kabla yake hakuna mtu wa kwetu aliyeifanya. Unga ulikwenda kupimwa ng'ambo, jibu likarudi baada ya miezi, na mkulima akaambiwa alichoambiwa.

Cha kuchekesha ni kwamba alizaliwa Kipese, juu huko kwenye ukungu, ambako mpapai hata ukiupanda kwa maombi hauoti. Kwao walilima viazi na poireau, vile vitunguu virefu vya majani. Alinisimulia kwamba bibi yake alikuwa akinunua majani ya mpapai kwa wachuuzi waliopanda kutoka bondeni, anafungia nyama ya jogoo mzee, na nyama iliyokuwa ngumu kama kiatu inalainika kabla ya jioni. Akamuuliza bibi kwa nini. Bibi akajibu, "Njo vile iko," yaani ndivyo ilivyo. Jibu hilo lilimkera mpaka uzeeni. Alilibeba hadi Kisangani, akalibeba hadi Ulaya, akakaa kwenye maabara za watu miaka mingi, akaitwa bingwa wa mambo hayo, akarudi. Watu walidhani amefukuzwa. Nani anarudi Butembo kwa hiari yake na diploma kubwa namna hiyo, aje akae kwenye depo inayonuka kahawa iliyooza? Hata mimi niliwaza hivyo, na alikuwa amenipa kazi.

Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, sehemu ya biokemia, nikajiona najua. Siku ya kwanza alinipa vikombe viwili vya kioo na kunipokonya ujuzi wangu wote. Kila kipimo, alisema, kina vikombe viwili vya maziwa ya vuguvugu. Kimoja unatia papaini, unahesabu dakika, unatazama maziwa yanavyokatika. Kingine hakitiwi kitu. Kinakaa tu pale.

"Na hicho kinafanya nini?" nikauliza.

"Iko shahidi. Ile ya kwanza ikikatika, na shahidi naye akikatika, basi haiko papaini yenye imefanya ile kazi. Iko maziwa yako njo mubaya."

Nikaona ni uharibifu wa maziwa. Kila siku tunamwaga kikombe kizima ambacho hakikufanya lolote! Nilimwambia hivyo, maana sikujua kunyamaza. Alicheka kwa pua, akasema nitakapokuwa na jina langu mwenyewe la kupoteza, nitapenda mashahidi. Na maziwa yenyewe, sharti yawe ya unga, ya kopo, kwa sababu hayo ni yale yale leo na kesho. Maziwa ya kopo yakikosekana, kipimo kinangoja. Hiyo ilikuwa sheria, na alikuwa na sheria chache.

Mama yangu aliishi Kalunguta na aliongoza kikundi cha akina mama wakata-papai. Mtu asiyejua kazi ile anaiona nyepesi. Wanaamka alfajiri, kwa sababu jua likipanda utomvu hautoki vizuri. Wanachora ganda kidogo tu, kwa ubamba wa mwanzi au kisu kisicho na kutu, maana chuma chenye kutu kinaufanya utomvu kuwa mweusi. Matone yanadondokea kwenye kitambaa kilichofungwa kuzunguka mti. Utomvu unachoma ngozi, kwa hiyo asubuhi za kazi akina mama hawapeani mikono: ukimsalimu mmoja "Wavukire," anakunyooshea kiwiko. Mama yangu alikuwa na makovu mpaka juu ya viganja, na alijivunia makovu yake kama mwanajeshi.

Alimheshimu Mama Dokta, ila kwa kumkwepa kidogo, kama unavyomheshimu padri mkali. Mimi alinitania: "Mutoto yangu anasoma maziwa sawa vile bengine banasoma Biblia."

Msimu mmoja mvua ilikataa kuacha. Njia ya Beni ilifungwa siku kadhaa, kama inavyofungwa, na maduka ya Butembo yakaishiwa maziwa ya kopo. Katikati ya hali hiyo mama yangu na wenzake wanne wakafika na magunia yao. Lilikuwa zao kubwa kuliko yote waliyowahi kuleta, la kikundi kizima, na lori la tajiri mmoja wa hapa mjini lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri kwenda Kasindi na kuvuka mpaka. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amekubali kwa mara ya kwanza kupokea papaini yetu kwa cheti cha Mama Dokta peke yake, bila kupimwa tena njiani. Kwa miaka yote ile aliyoitwa mwendawazimu, hicho ndicho alichokuwa akikitafuta: wakubali kwamba mtu wa hapa akisema unga uko hai, uko hai.

Yeye mwenyewe alikwama Beni kwenye mkutano wa wakulima. Magunia ya wakulima wengine alikuwa ameshayapima kabla hajaondoka. Yalibaki ya mama yangu tu, na mtu aliyebaki kupima ni mimi.

Nilipofungua gunia niliona rangi. Papaini nzuri ni nyeupe, au njano hafifu. Hii ilielekea kidogo kwenye chai ya maziwa. Nilijiambia ni kivuli cha mawingu. Nje kwenye benchi mama yangu alikuwa amekaa, vikwembe vimelowa, ananitazama tu kupitia mlangoni. Na maziwa ya kopo hayakuwapo.

Kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyeshusha maziwa ya ng'ombe kutoka nyanda za Lubero, kwenye bidoni ya njano, yaani dumu la plastiki. Nikanunua kidogo. Yalitosha kikombe kimoja na ziada kidogo, na ziada ile nikaitunza kwa chai. Ndiyo, kwa chai. Nikapasha kikombe changu kimoja, nikatia papaini, nikatazama saa. Maziwa yalikatika upesi, mabonge safi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikatoka nje nikawaambia, na mama yangu akanikumbatia na mikono yake ya makovu, wenzake wakapiga vigelegele katikati ya depo.

Jioni njia ilifunguka, na Mama Dokta alirudi amechoka, amejaa tope. Akauliza, "Ya Kalunguta?" Nikasema ni nzuri. Aliniangalia mara moja, akatia sahihi.

Asubuhi nikaweka maziwa yale ya ziada kwenye sufuria ya chai, na kabla hayajachemka yakakatika. Nilisimama na kijiko mkononi. Hayakuwa na papaini hata chembe. Yalikuwa yameshaanza kuchacha tangu kwenye bidoni, yakitikiswa njia nzima, na jana yalikuwa tayari kukatika kwa kuguswa tu. Kipimo changu hakikuonyesha chochote. Kama ningeweka shahidi angeniambia, lakini maziwa ya shahidi niliyaweka kwa chai.

Nilikaa na sufuria ile kwa muda ambao siupendi kuukumbuka. Nikisema, kazi ya msimu ya mama yangu na wenzake inamwagika, na kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, unga uliokufa unavuka mpaka na jina la Mama Dokta juu yake, na wa ng'ambo wakishaupima, mlango uliofunguka kwa miaka yote ile unafungwa kwa kila mtu, kuanzia yeye. Nilijaribu hata kujidanganya kwamba huenda papaini ilikuwa hai hata hivyo. Lakini niliikumbuka ile rangi. Mficha uchi hazai. Nikavaa viatu nikaenda kwake.

Alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza yote nimesimama. Aliweka kikombe chini polepole.

"Lori iko wapi?"

"Imeondoka asubuhi. Labda inafika Kasindi leo."

"Batu ba forodha habana haraka," akasema. "Bon. Chukua vikombe."

Sijui kama mtu mwingine angefanya hivyo. Hakunipigia kelele, na mimi nilitamani anipigie, ningejua pa kuweka uso wangu. Njiani, tulipopita Beni, aliniuliza tu kama nimekula. Kisha tukachukua njia ya Kasindi nyuma ya msafara wa askari, kwa usalama. Tulifika alasiri, tukalikuta lori kwenye foleni ndefu ya malori, mbele ya ofisi ya wakala wa forodha, na tajiri mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa soda, akizungukwa na wabadilisha fedha.

Alipoelezwa, alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tajiri, anapenda vitu viende.

"Mama Dokta, papier iko na signature. Forodha bameshaona. Nani atajua?"

"Miye."

"Mais, lakini weye uko mutu moja!"

"Njo neno ya ule mutu moja yenye bananunua," akajibu.

Akanituma dukani nikanunue maziwa ya kopo. Kasindi vitu vinapatikana. Akaomba meza ya wakala, akapanga vikombe juu yake hadharani, madereva na wabadilisha fedha wakasogea kama kwenye mchezo wa karata. Alipima gunia moja la mkulima mwingine: maziwa yakakatika vizuri. Akapima la Kalunguta: maziwa yalikaa pale, laini, meupe, yananitazama. Na kikombe cha shahidi kando yake, laini vilevile. Huwezi kuvitofautisha. Dereva mmoja akasema, "Sasa hii ya mapapai na hii ya bure iko kintu moja," na kila mtu akaelewa, hata ambaye hakuwahi kuingia darasani.

Magunia ya mama yangu yakashushwa. Mama Dokta akachana cheti cha kwanza vipande viwili, akaandika kingine kwa magunia yaliyobaki, na chini akaongeza mstari kwa mkono wake: kosa la kipimo cha kwanza ni la maabara yangu. Nikamwambia aandike jina langu. Nilimwambia kwa hasira, karibu kwa kupiga kelele mbele ya watu.

Alinivuta kando ya gurudumu la lori. "Sikia. Signature iko yangu, kosa iko yangu. Ukitajwa leo, hakuna mama atakuletea poudre yake ya papaini tena. Na miye, siku moja nitakufa. Laboratoire itabakia na nani?"

Siku hiyo niliona ni maneno ya kuniliwaza. Sikuelewa kwamba alikuwa ananipa kazi.

Kwenda Kalunguta alikwenda yeye mwenyewe, na mimi nyuma yake. Akina mama walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Akawaambia papaini yao imekufa, kwamba kipimo cha kwanza kilikosewa maabarani kwake, kwamba anaomba radhi. Alisema "kwangu". Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikitazama viatu vyangu. Mama yangu alisimama, na mama yangu akisimama kusema, kuku wanatoka uani. Alimwita dokta wa maziwa machafu. Alimuuliza kama Ulaya walimfundisha kuchezea jasho la watu. Mama Dokta alipokea yote bila kukunja uso. Mama yangu alipomaliza, Mama Dokta akamuuliza kwa upole waliukausha wapi unga wakati wa mvua ile.

Mmoja akasema: jikoni, juu ya moto, kwenye mabati. Kama wanavyokausha samaki.

"Aya," akasema Mama Dokta. "Kumbe siye bote tulikosa."

Alikaa kwao wiki nzima. Walijenga sanduku la mbao lenye nailoni juu, linalopokea joto la jua na kupitisha upepo, na kwa siku za mvua jiko dogo la makaa liwe mbali, upande. Lakini wajue vipi joto limezidi? Kipimajoto kingevunjika siku ya pili. Akawaambia waweke kiganja ndani ya sanduku na kusali Baba Yetu kwa mwendo wa kawaida. Mkono ukishindwa kukaa mpaka Amina, moto umezidi, papaini inakufa. Mama mmoja Mprotestanti akainua mkono: "Mais Mama Dokta, Baba Yetu yetu iko murefu! Siye tunaongezaka ya ufalme na nguvu na utukufu." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Dokta alipima kwa saa yake, kwa uso wa kazi kabisa, Wakatoliki kwanza kisha Waprotestanti, akaamua kwamba Waprotestanti wasimame kwenye neno "maovu", kabla ya ule ufalme. Mpaka leo ndivyo wanavyokausha, Kalunguta na vijiji vya jirani, na wengine hawajui hata sheria ile ilitoka kwa nani. Aliwaachia pia vikombe na kopo la maziwa, akawafundisha kipimo chenyewe, ili mtu asije tena kutoka mjini kuwaambia kitu ambacho hawawezi kukiona kwa macho yao. Maabara yetu ilibaki ya kuthibitisha na kutia sahihi tu.

Mlango wa ng'ambo haukufungwa. Mnunuzi aliona ule mstari wa mkono kwenye cheti, akaendelea kupokea papaini yetu kwa sahihi ile ile, na nilivyosikia, aliwaonyesha wengine. Kosa aliloliandika Mama Dokta mwenyewe ndilo lililomfanya aaminiwe. Nilimpenda kwa hilo na nilimwonea uchungu, kwa sababu mama yangu hakumsamehe upesi. Kila nilipokwenda nyumbani aliuliza, "Mama Dokta yako, maziwa yake iko safi siku hizi?" Wenzake wanacheka. Nami namezea. Mwaka wa kwanza nilijiambia nitasema Krismasi. Krismasi ikapita na ndugu zake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, nikatembea juu yake miaka.

Mama Dokta aliendelea na kazi. Alifundisha wasichana wengi, akawakaripia kwa haki, akawapeleka kusoma. Akatafuta mpaka mwisho namna ya kutunza utomvu bila barafu katika mji ambao umeme unakuja kama mgeni. Hakuipata yote, na hilo alilisema wazi. Mwaka jana moyo wake ukachoka. Alifariki kitandani kwake, na kwenye meza kulikuwa na daftari limefunguliwa.

Tulimzika Kipese. Ukungu ulishuka hivyo hivyo, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani atakuwa nao mtu aliyeshinda deponi. Matajiri walikuja, wakulima wa Beni walikuja na mabasi. Wakati wa watu kusema, mama yangu akasimama. Kuku hawakuwepo, lakini nilihisi wangetoka.

"Miye nilimutukana huyu mama," akasema. "Alikosa mara moja. Alitupotezea musimu. Mais alikuja mwenyewe kutuambia. Leo namusamehe mbele ya bote."

Watu wakaitikia, wakampigia makofi ya huzuni. Namusamehe! Alikuwa anamsamehe marehemu kosa ambalo marehemu hakulifanya, mbele ya jeneza lake, na mimi nikiwa hai na nimeketi mstari wa pili.

Nikasimama. Sikuombwa. Nikasema maziwa yale niliyapima mimi, na maziwa mabaya, bila shahidi, kwa sababu magunia yalikuwa ya mama yangu na nilitaka yawe mazuri. Nikasema Mama Dokta alinikataza kusema, na kwamba kumtii katika hilo kulinifaa sana, kwa hiyo wasidhani nilikuwa mtiifu. Hakuna aliyepiga makofi. Mama yangu akainama, akagusa jeneza kwa mkono wake wa makovu, akasema neno moja tu la Kinande, "Wasingya," ambalo ni asante, akarudi kukaa. Aliondoka na basi la Kalunguta bila kuniaga.

Maabara ilikuwa imebaki mikononi mwangu, na wiki ile hakuna aliyekuja. Wala iliyofuata. Nilifungua mlango kila asubuhi, nikaosha vyombo visivyo vichafu. Alichoogopa Mama Dokta kando ya lile gurudumu kilikuwa kinatokea, na ni mimi niliyekifungulia mlango. Wasichana wawili ninaofanya nao kazi walikuwa wananong'ona. Nilianza kuandika barua ya kuwaachia funguo.

Siku moja ya Jumatatu mama yangu aliingia. Hakusalimu. Aliweka mkebe juu ya meza, akavuta kiti, akaketi karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Pima."

Nikapima. Nikapasha vikombe viwili vya maziwa ya kopo, nikatia papaini yake kimoja, kingine nikakiacha kiwe shahidi. Dakika zilipita. Zikapita nyingine. Maziwa yalikaa kama yalivyokuwa. Nikarudia tangu mwanzo na maji mapya, na yakakaa vilevile. Unga ulikuwa mweupe, safi, wa mkono wake mwenyewe, na ulikuwa umekufa. Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema tungoje kidogo, ningeweza kusema maziwa ni ya zamani.

"Mama," nikasema, "hii imekufa. Siwezi kuitilia sahihi."

Akafunika mkebe. "Najua. Jana nimeiloweka kwa maji ya moto, nikaikausha tena. Nilitaka kusikia utasema nini." Akasimama, akajifunga kikwembe vizuri. "Bamama bako inje kwa barabara, banangojea. Nakwenda kubaambia baingie."